Chapeo ya Mdomo wa Chura: Kofia ya Chuma Iliyoundwa kwa Pigo Moja

Kofia ya chuma ni kifaa anachokifahamu kila askari. Huivaa kwa amri, huivua kwa furaha, na mara nyingi hulalamikia uzito na joto lake. Lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini kofia hiyo ilipewa umbo iliyo nalo na si umbo jingine. Jibu la swali hilo laonekana wazi katika kofia moja ya kale, ambayo hadi leo mafundi wachache wa Ulaya na Marekani huiunda upya kwa nyundo na kwa mikono yao. Ni chapeo ya mashindano ya mikuki, ijulikanayo kwa jina la "mdomo wa chura".

Mashindano yenyewe yalikuwa maarufu Ulaya katika karne ya 14, ya 15 na ya 16. Yalianza kama mazoezi ya vita, kisha yakawa mchezo wa wafalme na wakuu. Wapanda farasi wawili, waliovaa deraya mwili mzima, walikimbizana uso kwa uso kutoka ncha mbili za uwanja. Tangu karne ya 15 ukuta wa mbao uliwekwa katikati ili farasi wasigongane. Kila mmoja alipita na kumwacha adui yake upande wa kushoto, mkuki wake ukiwa umeelekezwa juu ya shingo ya farasi. Shabaha ilikuwa ngao, kifua au kichwa. Uzito wa mtu, chuma na farasi, kwa mbio za pande zote mbili, ulikusanyika katika ncha moja ya mkuki.

Umbo lina sababu

Chapeo ya mdomo wa chura ilibuniwa kwa ajili ya pigo hilo moja, litokalo mbele. Bamba la mbele limepanda na kuchomoza kuliko lile la utosini, kama mdomo wa chini wa chura. Kati ya mabamba hayo mawili umeachwa ufa mwembamba wa kuonea. Mpanda farasi huinama kidogo mbele wakati wa mbio, akamwona adui yake kupitia ufa huo. Mara kabla ya kugongana huinua kichwa, na bamba la mbele likaufunika ufa usifikiwe na mkuki. Kwa hiyo wakati wa pigo lenyewe mpiganaji alikuwa haoni kitu.

Chapeo hiyo haikukalia kichwa kama kofia zetu. Ilikalia mabega, ikafungwa kwa vyuma na misumari ya parafujo kwenye dirii ya kifua na ya mgongo. Pigo lilipoingia halikuishia shingoni, bali liligawanywa mwili mzima. Matundu ya kupumulia yaliwekwa zaidi upande wa kulia, kwa sababu mkuki ulitoka kushoto. Uzito wake ulifikia kilo 8 hadi 10 au zaidi. Hakuna askari ambaye angeweza kwenda nayo vitani, kwani haigeuki wala haimruhusu mvaaji kutazama pembeni. Kwa kazi yake moja, hata hivyo, ilikuwa kamili.

Mikononi mwa mhunzi

Fundi wa leo anayetaka kuiunda upya huanza na kipimo cha kichwa na mabega ya mtu atakayeivaa. Huchora vipande juu ya karatasi ngumu, huvikata, huviunganisha na kuvijaribu, kabla chuma hakijaguswa. Kisha huchora umbo lile lile juu ya bamba la chuma. Kwa kawaida vipande vikubwa ni vitatu: cha mbele, cha nyuma na cha utosini. Kile cha mbele hufanywa kinene zaidi, mara nyingi milimita 2 au zaidi, kwa kuwa ndicho kitakachopigwa.

Hapa ndipo uaminifu wa fundi unapopimwa. Njia nyepesi ya kulipa bamba umbo la duara ni kulilaza juu ya gogo lililochimbwa shimo na kuligonga kwa ndani. Bamba hubonyea upesi, lakini huwa jembamba pale pale katikati. Njia ya pili ni kuligonga kwa nje juu ya fuawe dogo, mstari baada ya mstari, likisukumwa kujikunja polepole bila kupoteza unene wake. Hiyo huchukua muda mrefu zaidi. Kofia mbili zilizotengenezwa kwa njia hizo zaweza kufanana kabisa machoni, na tofauti yao ikajulikana siku ya pigo.

Chuma kinachogongwa kwa muda mrefu huwa kigumu na hatimaye hupasuka. Kwa hiyo fundi hukirudisha motoni mara kwa mara, akakitia moto hadi kiwe chekundu, kisha akakiacha kipoe polepole ili kilainike. Asiye na subira huruka hatua hiyo, na ufa mdogo huanza mahali asipopaona.

Mabamba huunganishwa kwa ribiti. Tundu likitobolewa karibu mno na ukingo, chuma kitachanika. Kingo nazo hukunjwa ili zisikate na ili ziwe na nguvu, na viungo husawazishwa ili ncha ya mkuki isipate pa kushikilia. Baadaye huja kazi ya nyundo ndogo ya kusawazisha, kisha tupa na msasa. Mwisho hutiwa kofia ya ndani ya kitani kilichojazwa na kushonwa, yenye mikanda inayokishikilia kichwa katikati kisiguse chuma. Kofia za ndani za namna hiyo, za zaidi ya miaka 500, zimehifadhiwa hadi leo mjini Vienna, Austria. Bila ya hiyo chapeo nzuri kuliko zote ingekuwa kengele, na kichwa cha mtu ndicho ulimi wake.

Wafalme wawili

Historia imetuachia ushahidi wa thamani ya mambo hayo. Mwezi Machi 1524, Mfalme Henry wa 8 wa Uingereza alishindana na rafiki yake, Mtemi wa Suffolk, akiwa amevaa deraya mpya. Hiyo haikuwa chapeo ya mdomo wa chura, bali ile yenye kifuniko cha uso kinachofunguka. Mfalme alisahau kukishusha. Watazamaji walipiga kelele, lakini mwenzake hakusikia wala hakuona. Mkuki ulimpiga mfalme karibu na paji la uso, ukavunjika, na vibanzi vikaijaza kofia yake. Alinusurika kwa bahati, na hakumlaumu mtu ila nafsi yake.

Henry wa 2 wa Ufaransa hakubahatika hivyo. Tarehe 30 Juni 1559, mjini Paris, katika sherehe za amani na za arusi ya binti yake, alishindana na Gabriel de Montgomery, kapteni wa walinzi wake mwenyewe. Mkuki wa kapteni ulivunjika, na kibanzi kikapenya kwenye kifuniko cha uso na kumwingia mfalme juu ya jicho. Matabibu mashuhuri, Ambroise Paré na Andreas Vesalius, waliitwa kumtibu. Alifariki tarehe 10 Julai.

Kutoka makumbusho hadi handaki

Yawezekana msomaji akaona kuwa hayo ni mambo ya wafalme waliokwisha kufa. Sivyo. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi yaliingia vitani mwaka 1914 yakiwa na kofia za kitambaa na za ngozi, na vipande vya mizinga vikaua watu wengi kwa majeraha ya kichwa. Mwaka 1915 Wafaransa na Waingereza walirudi kwenye kofia ya chuma. Ile ya Kiingereza, iliyobuniwa na John Brodie, ilikuwa na ukingo mpana kwa sababu hatari ya handakini ilitoka juu. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, jeshi lake lilimwita Bashford Dean, mtaalamu wa deraya katika Makumbusho ya Metropolitan ya New York. Katika karakana ya makumbusho hayo, Daniel Tachaux, fundi Mfaransa aliyezoea kutengeneza deraya za kale, alifua kwa mkono kofia za majaribio kwa ajili ya askari wa karne ya 20.

Mafunzo ni mawili. Kwanza, kila kofia ni jibu la hatari fulani. Ile ya kuzuia mawe katika ghasia si ile ya handakini, na ile ya mwendesha pikipiki si ya kazi hizo zote mbili. Pili, fundi aweza kutimiza wajibu wake wote, akalinda unene wa chuma, ribiti na kitani cha ndani, lakini hatua ya mwisho imo mikononi mwa mvaaji. Mkanda wa kidevu usiofungwa ni sawa na kifuniko cha uso kilichosahauliwa wazi mwaka 1524. Mfalme alipona, na askari hana haki ya kuitegemea bahati hiyo.