UZI: Binadamu ni sehemu ya msitu wa Mau ama ni mgeni?

1/ Kila kampeni hoja inarudi: "Watu watoke, Mau ipone." Kabla tupigane kwa comments, tuelewane.

2/ Arthur Tansley alipoleta neno "mfumo ikolojia" mwaka 1935, alimaanisha viumbe pamoja na udongo, maji na hewa. Binadamu hakumtoa nje.

3/ Mpaka wa mfumo huwekwa kulingana na swali. Ziwa Nakuru lina uzio wa mbuga, lakini mto Njoro unatoka Mau, unapita mashambani, ndio uingie ziwani. Uzio hauzuii uchafu.

4/ Lakini kuwa ndani si ruhusa ya kuharibu. Mwogiek anayetundika mizinga anahitaji mti usimame. Anayetaka shamba anahitaji uanguke. Wote ni binadamu, kazi ni tofauti.

5/ Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilikataa hoja kwamba uhifadhi unatosha kuwafukuza Waogiek.

6/ Kwa hivyo mimi nikisikia "watu watoke", nauliza: watu gani, wanafanya nini humo, na nani aliwagawia ardhi? Asiyejibu hayo hatetei msitu. Anatafuta kura.