Boom Likisoma, Usikimbilie Boksi

Oya mwanangu, boom la chuo limesoma, laki tano inapumua kwenye simu na akili yote iko Aggrey, Kariakoo. Fresh. Ila kabla hujashuka mwendokasi pale Gerezani, elewa mchezo: kwa mpunga huo, laptopu mpya ya boksi ni urembo tu. Nyingi zina Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye bodi, na stoo ya GB 64. Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 64. Asainmenti za DIT utaweka wapi, mfukoni?

Unyama uko kwenye used za maofisini: HP EliteBook 840 G5, ThinkPad T480, Dell Latitude 7490. Makampuni ya Ulaya na Marekani yakibadilisha mashine, za zamani zinauzwa kwa jumla, nyingine zinapitia Dubai, zinatua Kariakoo zimefutwa vumbi zinang'aa. Bodi ngumu, RAM unaongeza, na hiyo EliteBook ina kama kilo moja na nusu. Uzito usiudharau. Mwendokasi ya jioni kwenda Kimara unasimama, na begi unalikumbatia kifuani kwa kuogopa vibaka. Aliyeruka na dude la inchi 15.6 sasa hivi analiacha geto, darasani anapiga picha slaidi kwa simu.

Halafu kuna winga. Ukitokea tu Msimbazi unashangaashangaa, mchizi keshakushika mkono: "Karibu bosi, ofisi yetu hii hapa." Ofisi siyo yake, na cha juu chake kinatoka kwako. Siyo mwizi, ndiyo kazi yake, na wapo wanaojua machimbo balaa. Wewe zunguka kwanza mwenyewe, uliza duka hadi duka.

Stika ya Core i5 isikuzuzue, i5 zipo tangu 2009. Cheki namba inayofuata: 6300U ni kizazi cha 6, 8250U ni cha 8. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, na kwa Intel, Windows 11 kirasmi inaanzia kizazi cha 8. Ikibidi, jichange wiki mbili zaidi uongezee, kuliko kubeba cha 6 kwa sababu kimeshuka bei.

Betri ndipo wanapopigwa wengi. Chomoa chaja, fungua cmd, andika powercfg /batteryreport, linganisha uwezo wa kiwandani na uliobaki. Nusu imeliwa? Shusha bei au hama. Muuzaji akigoma kuwasha bila chaja, keshakujibu. Ingia BIOS, ikidai nenosiri, kausha, hiyo bado imefungwa na ofisi ilikotoka. Angalia na kibodi: mashine za Ujerumani Z imekaa pa Y, na stika zinazobandikwa juu huwa zinabanduka.

Kabla hujalipa, kubaliana kabisa: risiti ya EFD, na nyuma yake muuzaji aandike namba ya mashine na siku za garantii, agonge mhuri. Akizingua, maduka ni mengi.