Vietnam na Ziwa la Mamba

Vietnam ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 331,000, na mwaka 2023 watu wake walifika milioni 100. Makao makuu ni Hanoi. Jiji kubwa kuliko yote ni Ho Chi Minh, ambalo wengi bado huliita Saigon. Kaskazini na Kusini ziliungana rasmi mwaka 1976. Fedha yao ni dong. Kwa kahawa wanazidiwa na Brazili tu. Haya niliyanakili daftarini, lakini tangu nirudi nikifumba macho naona Bàu Sấu, ziwa la mamba.

Limo katika Hifadhi ya Taifa ya Cat Tien, kama kilomita 150 kutoka Saigon. Unavuka mto Dong Nai kwa boti, unapanda gari, kisha unatembea kilomita 5 msituni. Nilikwenda masika yao. Ruba walinipanda hadi magotini. Mizizi ya miti imesimama kama kuta, inampita mtu kimo. Ghafla msitu unakatika, mbele ni maji na magugu.

Mamba wa Siam walikuwa wamekwisha humo kwa kuwindwa. Kati ya 2001 na 2004 walirejeshwa 60 kutoka mashamba ya mamba. Kwa kuwa wafugaji walikuwa wamewachanganya na mamba wa Cuba, ilibidi wapimwe vinasaba kwanza, wapatikane wa Siam halisi. Usiku, kwenye kituo cha askari wa hifadhi, mwongozaji alimulika tochi majini. Macho yakawaka mekundu, mawili mawili. Nilihesabu jozi tisa, nikarudia kuhesabu.

Faru hakuwahiwa. Faru wa Java wa mwisho nchini alikutwa amekufa hifadhini humo mwaka 2010, ana risasi mguuni, pembe imekatwa.

Nasi Tanzania tunaye chura wa Kihansi, aliyetoweka porini, akatunzwa Marekani, akarudishwa kwao mwaka 2012. Watanzania wangapi wanamjua? Fahari yetu ni simba na tembo. Eneo oevu twaliona shamba linalosubiri jembe. Bonde la Kilombero, makao ya swala aitwaye sheshe, linazidi kumegwa, nasi wa mjini tunaokula mchele wake hatuulizi.



Alfajiri kule Bàu Sấu giboni waliimba, dume na jike wakipokezana. Mwongozaji akanigusa bega, akanionyesha kwenye magugu mamba mdogo, hazidi urefu wa mkono wangu. Huyo amezaliwa papo hapo ziwani.