Je, Wajua? Joto la Mapema Huharibu Jaribio la Leza

Wachoma matofali wa Kasulu na Kibondo huanza na moto mdogo, kwa kuwa tofali lenye unyevu likipata joto la ghafla hupasuka. Kwenye leza kubwa mambo ni kinyume: joto linalotangulia ndilo adui. Katika maabara ya NIF, California, miale 192 hupiga kopo dogo la metali, nalo hutoa eksirei zinazokibana kidonge cha hidrojeni iliyogandishwa hadi takriban nyuzi 255 chini ya sifuri. Hidrojeni baridi hubanika. Ikipashwa mapema, hukaidi.

Huenda ukasema joto hilo ni dogo mno kuleta madhara. Lakini elektroni chache zenye kasi kubwa, zikiifikia hidrojeni kabla haijabanwa, hupandisha shinikizo la ndani na kupunguza mbano. Na kwa kuwa hakuna kipimajoto kinachowahi tukio la sehemu za bilioni za sekunde, wanasayansi hupima eksirei kali zinazotoka elektroni hizo zinapogonga maada, kisha hukadiria joto lililoingia. Tarehe 5 Desemba 2022, katika maabara hiyo, megajuli 2.05 za leza zilizaa megajuli 3.15 za nishati ya muunganiko wa nyuklia. Ushindi wa namna hiyo hutegemea pia kudhibiti joto dogo linalotangulia.