Ufufuaji wa Betri ya Gari Iliyokaa Muda Mrefu Bila Kutumika

Betri ya risasi na asidi, iliyobuniwa na Gaston Planté mwaka 1859, hupoteza chaji hata gari linapokaa bila kuwashwa, na joto la mwambao huharakisha upoteaji huo. Chaji inapopungua, salfeti ya risasi hutanda juu ya mabamba. Salfeti changa huyeyuka betri inapochajiwa. Ikiachwa miezi kadhaa hugeuka fuwele ngumu, na hapo ndipo hatima ya betri huamuliwa.

Kwa betri yenye vifuniko, kimo cha maji hukaguliwa kwanza. Mabamba yakiwa wazi, huongezwa maji yaliyokenekwa hadi yafunikwe tu. Kimo kamili hujazwa baada ya kuchaji. Baadhi ya mafundi huongeza asidi kwa kudhani kwamba iliyokuwamo imekwisha nguvu. Dhana hiyo ni potofu: asidi haikupotea, bali imefungwa ndani ya salfeti, na kuizidisha huharakisha kulika kwa mabamba. Kinachofaa ni kuchaji polepole. Betri ya ampea-saa 60 hupewa ampea 6 au pungufu, mahali penye hewa, kwa kuwa haidrojeni inayotoka hulipuka ikikutana na cheche.

Betri nzima ya volti 12, ikishachajiwa na kupumzishwa saa kadhaa, husoma takribani volti 12.6. Ikisoma karibu 10.5, yamkini seli moja kati ya sita imekufa, na hakuna chaja itakayoifufua. Iliyopona huchajiwa tena kila inaposhuka hadi 12.4, na waya wa hasi hufunguliwa gari linapowekwa.