Msisitizo na Ukinzani katika Usimulizi wa Filamu: Mfano wa Van Helsing (2004)

1.0 Utangulizi

Wanafunzi wa isimu wanapoulizwa maoni yao kuhusu filamu za kuwinda madubwana, hukumu yao mara nyingi huwa moja: kompyuta imeiua hadithi. Hukumu hiyo ni rahisi kutamka, lakini haielezi jambo. Haituambii ni kwa nini picha zilizoundwa kwa kompyuta hututisha katika filamu moja na kutuchosha katika nyingine. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tatizo haliko kwenye chombo kilichoziunda picha. Liko katika mgawanyo wa msisitizo, nao unaelezeka vizuri kwa dhana ambazo mwanaisimu wa Kiswahili anazo tayari.

Mfano wetu ni Van Helsing, filamu iliyoandikwa na kuongozwa na Stephen Sommers na kutolewa na kampuni ya Universal ya Marekani mwezi Mei 2004. Katika mjadala huu, istilahi “mizungu ya kompyuta” itatumika kwa maana ya picha zote za viumbe, mahali na matendo ambazo hazikupigwa kwa kamera bali ziliundwa au kubadilishwa kwa kompyuta.

2.0 Filamu na asili yake

Van Helsing wa awali ni mhusika wa riwaya ya Bram Stoker, Dracula, iliyochapishwa mwaka 1897. Huyo ni Abraham, profesa mzee wa Amsterdam, ambaye silaha yake kuu ni elimu. Katika filamu ya 2004 amegeuzwa kuwa Gabriel, kijana shupavu anayeigizwa na Hugh Jackman, mwindaji anayetumwa na chama cha siri kilichoko Vatikani. Anapelekwa Transylvania kumsaidia Anna (Kate Beckinsale), wa mwisho wa ukoo wake, dhidi ya Dracula (Richard Roxburgh). Dracula naye anamtafuta kiumbe aliyeundwa na Frankenstein ili nguvu zake ziwape uhai maelfu ya watoto wake wanyonya damu.

Kuwakusanya madubwana wengi katika hadithi moja si jambo jipya. Universal yenyewe ilifanya hivyo mwaka 1944 katika House of Frankenstein. Kilichokuwa kipya ni kipimo. Filamu ya Sommers iligharimu takribani dola milioni 160, na mizungu yake mingi ilitengenezwa na Industrial Light & Magic, karakana mashuhuri ya kazi hizo. Hyde anayepigana juu ya kanisa la Notre Dame, wake wa Dracula wanaporuka angani, na mbwamwitu wanaochana ngozi ya binadamu ili watoke ndani yake, wote ni zao la kompyuta kwa sehemu kubwa au kwa ukamilifu.

3.0 Msisitizo katika lugha

Tuanze na kirejeshi tunachokifahamu sote. Msemaji akisema, “Asha aliufunga mlango,” anatoa taarifa. Akisema, “Asha ndiye aliyeufunga mlango,” anafanya zaidi ya hapo: anachukulia kwamba msikilizaji anajua mlango ulifungwa, na anamtenga Asha na wengine wote walioweza kuufunga. Kwa hiyo ndi- hufanya kazi kwa ukinzani. Nguvu yake inategemea sentensi za kawaida zinazoizunguka.

Sasa tuchukue msimulizi anayesema: “Mvua ndiyo iliyonyesha, mtoto ndiye aliyelia, mama ndiye aliyetoka, mlango ndio uliofungwa.” Kila sentensi ni sahihi kisarufi, lakini masimulizi yameharibika. Msikilizaji anabaki akijiuliza ni nani aliyebisha. Msisitizo uliogawiwa kila mahali haumsaidii tena kujua lililo zito.

Hali ya njeo ni hiyo hiyo. Katika masimulizi, -li- huweka msingi, -ka- husukuma matukio mbele, na -ki- huonyesha lililokuwa likiendelea wakati jingine linatokea. Simulizi lenye -ka- tupu, “akaruka, akapiga, akaanguka, akainuka, akaruka”, lina mwendo lakini halina mahali. Hatuoni tukio linatokea ndani ya maisha gani.

4.0 Msisitizo katika Van Helsing

Filamu hii huanza vizuri. Sehemu ya kwanza, inayotokea mwaka 1887, ni ya rangi nyeusi na nyeupe, kwa heshima ya filamu za Universal za mwaka 1931, Dracula ya Tod Browning na Frankenstein ya James Whale. Baada ya hapo rangi huingia, na kuanzia hapo mapambano hufuatana karibu bila pumziko. Kwa istilahi za sehemu iliyotangulia, filamu inakuwa -ka- tupu, na kila -ka- imebebeshwa ndi- yake.

Ulinganisho na filamu za kale unatusaidia kuona kilichopotea. Katika Dracula ya 1931, mnyonya damu anapotoka jenezani, kamera hugeukia pembeni. Inaporudi, yeye amekwisha kusimama. Katika The Wolf Man ya 1941, mtu anapogeuka kuwa mbwamwitu tunaonyeshwa miguu yake. Ni kweli kwamba watengenezaji hao hawakuwa na vyombo vya leo, lakini upungufu huo ulimpa mtazamaji kazi ya kufanya. Yasiyoonyeshwa yaliyapa uzito yaliyoonyeshwa.

Filamu ya Sommers inaijua kanuni hiyo, na pale inapoitumia inafaulu. Katika karamu ya vinyago huko Budapest, Dracula anacheza dansi na Anna, kisha wanasimama mbele ya kioo kikubwa. Kioo kinamwonyesha Anna peke yake. Hapana mlipuko wala mabawa. Kuna nafasi tupu tu mahali alipopaswa kuwapo mwanamume. Mzungu wenye nguvu kuliko mingi mingine katika filamu hii ni wa kuondoa, si wa kuongeza.

Mfano wa pili ni wa kusikitisha zaidi. Mwishoni Van Helsing, akiwa amegeuka mbwamwitu, anamuua Dracula, na katika hali hiyo hiyo anamuua Anna aliyekuja kumpa dawa. Mlio wa mnyama unageuka polepole kuwa kilio cha binadamu. Hapa mzungu wa kompyuta na sauti ya mwigizaji vinasema jambo moja, nalo ndilo kiini cha hadithi yote: mwindaji amekuwa kile alichokuwa akikiwinda. Lakini mara baada ya hapo, wakati wa mazishi, filamu inachora sura ya Anna mawinguni, kana kwamba tusingemkumbuka bila kuonyeshwa. Msiba umetiwa ndi- ambayo haukuihitaji.

5.0 Pingamizi

Msomaji anaweza kudai kwamba filamu ya burudani haipaswi kupimwa kwa vipimo vya simulizi zito, na kwamba mtazamaji amelipa ili aone madubwana. Dai hilo lina uzito, na jibu lake linapatikana ndani ya aina hiyo hiyo ya filamu. Mwaka 1993 Steven Spielberg alitoa Jurassic Park, ambayo mizungu yake ya kompyuta ilitengenezwa na karakana ile ile, Industrial Light & Magic. Filamu hiyo ina urefu wa zaidi ya saa mbili, lakini dinosau huonekana kwa takribani dakika 15 tu. Kabla ya kumwona mla nyama mkubwa kuliko wote, tunaona maji yakitikisika ndani ya gilasi. Mtikisiko huo ni -ki- ya kweli: kuna kitu kinakuja wakati watu wangali wameketi.

Basi karakana ni moja, lengo la kuburudisha ni moja, na matokeo ni tofauti. Hii inatosha kuonyesha kwamba lawama haiwezi kubebeshwa kompyuta.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba mzungu wa kompyuta ni alama, na kwamba, kama alama nyingine, hupata maana kwa kutofautiana na vinavyouzunguka. Van Helsing haikushindwa kwa kuwa na madubwana wengi. Ilidhoofika kwa sababu ilikosa sentensi za kawaida, yaani ukimya, vyumba na mazungumzo ambavyo dubwana angeweza kuvivunja. Hadithi ya mwindaji hutudai tujue anachoweza kupoteza, na hilo halijulikani iwapo hatujawahi kumwona akiishi.

Kwa wanaofundisha fasihi na isimu, funzo ni kwamba mwanafunzi asiachwe aishie kwenye “kompyuta imeiua hadithi”. Aulizwe: msisitizo umewekwa wapi, na unakinzana na nini? Swali hilo analijua tayari, maana hulijibu kila siku anapochagua kati ya “Asha aliufunga” na “Asha ndiye aliyeufunga”.