Yafaa kumjua fundi kabla ya kuagiza gitaa

KUAGIZA gitaa kwa fundi anayeliunda kwa mikono ni tofauti na kununua lililotundikwa dukani. Mteja hulipia kitu ambacho bado hakipo, hivyo dhamana yake ya kwanza ni uaminifu wa fundi mwenyewe.

Ndiyo maana yafaa kwanza kuyapiga magitaa aliyoyaunda miaka kadhaa iliyopita. Gitaa jipya huvutia, lakini mbao zisizokaushwa vyema huja kubadilika baadaye, shingo ikapinda na uso ukapasuka.

Jambo la pili ni ubao wa uso, ambao ndio hasa huivumisha sauti. Ili kulidhihirisha hilo, Mhispania Antonio de Torres aliunda mwaka 1862 gitaa lenye uso wa mbao, ilhali mgongo na mbavu zake zilikuwa za karatasi ngumu. Kwa hivyo, hata mpingo wa Tanzania na Msumbiji, unaosifika kwa migongo ya magitaa, hauwezi kuuokoa uso uliochongwa vibaya.

Kabla ya kutoa malipo ya awali, mapatano yaandikwe: aina ya mbao na nyuzi, upana wa shingo unaofaa vidole vya mpigaji, bei, na muda wa kazi. Nyuzi za chuma, kwa mfano, huvuta kwa nguvu kuliko za nailoni. Zikifungwa kwenye gitaa lililoundiwa nailoni, huweza kuubomoa uso wake, na gharama ya kuliunda upya humwangukia mteja.